Misri bingwa wa Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashindano ya mpira wa kikapu ya Cairo, 1949

Ukitaja mbele ya wapenzi wa kikapu kwamba Misri iliwahi kuwa bingwa wa Ulaya, nusu watacheka na nusu watabisha. Wakishaamini, maswali huwa yale yale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya wale wenye macho ya kuchungulia picha za zamani. Jambo likishaelezwa mahali pamoja sitalirudia, nitakuelekeza lilipo.

## Ya msingi

Ni kweli, au ni utani wa mitandaoni?

Ni kweli. Mei 1949 Misri iliandaa mashindano ya ubingwa wa Ulaya ya mpira wa kikapu kwa wanaume, yale ambayo leo tunayaita EuroBasket, yakachezwa Cairo kuanzia tarehe 15 hadi 22. Misri ikashinda mechi zake zote sita na kutwaa ubingwa. Shirikisho la kimataifa, FIBA, linaitambua Misri kuwa bingwa wa mwaka huo, na jina lake limekaa kwenye orodha ya mabingwa bila mabano wala alama ya kuulizia. Hadi leo ni timu pekee ya Afrika iliyowahi kushika taji hilo, na Cairo ndio mji pekee wa Afrika uliowahi kuyaandaa.

Zilishiriki timu ngapi, na nani alimaliza wapi?

Saba tu. Misri ya kwanza, Ufaransa ya pili, Ugiriki ya tatu, Uturuki ya nne, Uholanzi ya tano, Syria ya sita, na Lebanon ikaburuza mkia.

Soma orodha hiyo mara ya pili. Timu tatu kati ya saba zilitoka Afrika na Mashariki ya Kati, na ukihesabu kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Uturuki iko Asia, Ulaya hasa ilibaki na wawakilishi watatu tu: Ufaransa, Ugiriki na Uholanzi. Ubishi wote kuhusu taji hili unaanzia hapo, nami nimeuweka kwenye sehemu yake chini.

Fainali ilikuwa Misri na nani?

Hakukuwa na fainali. Ilikuwa ligi ya mkondo mmoja, kila timu inacheza na kila timu mara moja. Timu saba zinatoa mechi 21, na kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, kila raundi kuna mechi tatu na timu moja inakaa jukwaani ikitazama wenzake. Mechi 21 ndani ya siku nane si mchezo, hasa kwa Cairo ya Mei, mwezi ambao joto lake wenyeji wanalizoea na wageni wanalilaani.

Kwa mtindo huo bingwa ni yule aliyekusanya ushindi mwingi. Misri haikupoteza hata mechi moja, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kupiga hesabu za tofauti ya pointi.

Nani alikuwa mchezaji bora?

Hussein Montasser wa Misri. Yumo kwenye orodha ile ile ya wachezaji bora wa EuroBasket waliomfuata kwa miongo yote. Wenzake kikosini nimewataja chini, kwenye sehemu ya uwanjani.

## Kwa nini Cairo?

Mashindano ya Ulaya yalifikaje Afrika?

Kwa desturi ya zamani: aliyeshinda ndiye anayeandaa yanayofuata. Latvia ilishinda Geneva mwaka 1935, yakahamia Riga 1937. Lithuania ikashinda Riga, yakaenda Kaunas 1939. Vita vikakatiza. Yaliporejea Geneva mwaka 1946, Chekoslovakia ikashinda, basi 1947 ikawa Prague.

Kule Prague, Umoja wa Kisovieti ulikuja kwa mara ya kwanza na kuwafunga wenyeji 56–37 katika fainali. Zamu ya kuandaa ikawaangukia Wasovieti. Wakakataa. Wa pili, Chekoslovakia, nao wakakataa. Wa tatu alikuwa nani? Misri, iliyoondoka Prague na medali ya shaba. Ilipoulizwa, ikakubali.

Kwa hiyo Cairo haikuletewa mashindano kwa hisani, wala mfalme Farouk wa Misri hakuyanunua kama baadhi wanavyodhani. Ilikuwa ya tatu kwenye foleni, na wawili waliotangulia wakajiondoa.

Sawa, lakini Misri ilikuwa inatafuta nini kwenye mashindano ya Ulaya tangu mwanzo?

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye kalenda. FIBA ilianzishwa Geneva mwaka 1932. Afrika haikuwa na chombo chake cha kikapu hadi 1961, na mashindano ya kwanza ya mataifa ya Afrika yalichezwa 1962. Kati ya miaka hiyo, nchi ya Kiafrika iliyotaka mechi za ushindani ilikuwa na njia mbili: Olimpiki kila baada ya miaka minne, au kuvuka Mediterania na kucheza na Wazungu.

Misri ilivuka. Ilikuwa Berlin kwenye Olimpiki ya 1936, ikaenda Riga 1937 na kumaliza ya nane kati ya timu nane, ikarudi Prague 1947. Hata FIBA ilipounda kamati ya kanda mwaka 1957, iliipa jina la Ulaya pamoja na Bonde la Mediterania. Mipaka tunayoiona leo kama ya asili ilichorwa baadaye.

Syria na Lebanon nao waliingiaje?

Walialikwa. Vyama vingi vya Ulaya vilikataa safari ya Cairo: vita vilikuwa vimeisha miaka minne tu nyuma, na kusafirisha kikosi hadi ng'ambo ya Mediterania haikuwa safari ya kila chama. Mwenyeji akabaki na timu chache mno. Syria na Lebanon walikuwa majirani, wakaja kujaza nafasi. Yalikuwa mashindano yao ya kwanza ya aina hii. Lebanon ilirudi tena Moscow mwaka 1953.

Na wakati wenyewe haukuwa mwepesi. Misri ilitia saini mkataba wa kusitisha vita na Israel kule Rhodes tarehe 24 Februari 1949, chini ya miezi mitatu kabla ya mechi ya kwanza. Lebanon ilitia saini wa kwake Machi. Syria ilipata mapinduzi ya kijeshi mwisho wa Machi hiyo hiyo, na mpaka timu yake inaingia uwanjani Cairo, mkataba wake na Israel ulikuwa haujatiwa saini. Ulisubiri hadi Julai. Wagiriki nao walitoka kwenye nchi iliyokuwa bado inapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu akikwambia haya yalikuwa mashindano ya starehe, mwoneshe tarehe hizo.

## Uwanjani

Mbona matokeo ya enzi zile yana pointi chache hivyo?

Kwa sababu hakukuwa na saa ya kushambulia. Leo timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kurusha. Mwaka 1949 ilikuwa na muda wowote iutakao. FIBA ilileta kikomo cha sekunde 30 mwaka 1956, na sekunde 24 zikaja mwaka 2000. Kikapu cha pointi tatu nacho kiliingia kwenye sheria za FIBA mwaka 1984, kwa hiyo Cairo ukirusha kutoka karibu na nusu ya uwanja ulipata mbili tu, sawa na aliyefunga chini ya ringi.

Jaribu kuiona. Timu inaongoza kwa pointi sita, zimebaki dakika tano. Mlinzi anapokea mpira katikati ya uwanja, anadunda taratibu, anampa mwenzake wa kulia, wa kulia anamrudishia, wanaupitisha kona hadi kona. Hakuna anayeitazama ringi. Anayefungwa hana dawa ila kutoka kwenye eneo lake kwenda kuwakaba, na akitoka tu, nyuma panaachwa wazi, mtu anapenya na kufunga kikapu cha mkononi. Ndiyo maana kuongoza kwa pointi sita enzi hizo kulikuwa kama kuongoza kwa kumi na tano leo.

Mifano iko tele. Fainali ya Riga 1937: Lithuania 24, Italia 23. Fainali ya Olimpiki ya Helsinki 1952, miaka mitatu baada ya Cairo: Marekani 36, Wasovieti 25. Leo alama hizo zinafikiwa kabla ya mapumziko.

Kocha wa Misri alikuwa Mmisri?

Hapana, alikuwa Mwitalia, Nello Paratore. Miaka kumi na moja baadaye, kwenye Olimpiki ya Roma 1960, huyo huyo alikaa kwenye benchi la Italia na kuifikisha nafasi ya nne. Italia yenyewe haikwenda Cairo, kwa hiyo Mwitalia aliyebeba taji la Ulaya mwaka ule alilibebea Misri.

Kikosi cha Misri kilikuwa na akina nani?

Mbali na Montasser walikuwamo Youssef Abbas, Fouad Abdel Meguid El-Kheir, Abdel Rahman Hafez Ismail, Albert Fahmy Tadros na Gabriel Catafago. Yasome majina hayo polepole. Tadros ni jina la Kikopti, Ismail la Kiislamu, Catafago si la Kiarabu hata kidogo. Cairo ya wakati ule ilijaa watu wa asili nyingi, na timu ya taifa ilifanana na mitaa yake.

Kuna timu nyingine iliyoweka historia pale?

Ugiriki. Shaba ya Cairo ilikuwa medali yake ya kwanza ya EuroBasket, ikiwa na Faidon Matthaiou, ambaye Wagiriki walikuja kumwita baba wa kikapu chao. Ya pili waliisubiri miaka 38, hadi walipotwaa ubingwa nyumbani Athens mwaka 1987. Wagiriki wa rika zote wanaijua hadithi ya 1987. Ya 1949 wanaikumbuka wazee na watu kama mimi.

## Ubishi

Misri si ilishinda kwa kuwa ilikuwa nyumbani?

Mcheza kwao hutunzwa, hilo halina ubishi. Joto lake, mashabiki wake, na wageni waliochoka na safari. Sitajifanya kwamba hayakusaidia.

Lakini kama nyumbani pekee kungetosha, Chekoslovakia isingepoteza fainali mbele ya watu wake Prague mwaka 1947. Na mashindano hayo hayo ya Prague, yaliyokuwa na timu 14, ndipo Misri ilipochukua shaba ikiwa ugenini. Hiyo ndiyo hoja ninayoitegemea kuliko zote.

Bila Wasovieti na Wacheki, ni ubingwa gani huo?

Ubingwa halali wenye ushindani mwembamba. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja tu wa sentensi hiyo.

Wembamba wake unaonekana kirahisi. Bingwa mtetezi hakuja, makamu wake hakuja, Italia, Ubelgiji na Hungaria hawakuja. Kuanzia 1947 hadi 1971 Umoja wa Kisovieti ulitwaa kila EuroBasket isipokuwa mbili: ya 1955, iliyokwenda kwa Hungaria huko Budapest, na hii ya 1949, ambayo haukucheza. Na kwenye Olimpiki ya London 1948, mwaka mmoja tu kabla, Misri ilimaliza ya 19 kati ya timu 23. Anayeisifu Misri bila kuitaja hiyo 19 anakuficha kitu.

Ila angalia na upande wa pili. Kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya London, nani alicheza fainali na Marekani na kuondoka na fedha? Ufaransa. Hao ndio walioshika nafasi ya pili Cairo. Kisha Oktoba 1950 likafika jaribio la kweli, mbali na Cairo na mbali na Paris: ubingwa wa kwanza wa dunia, Buenos Aires, timu kumi. Misri na Ufaransa walikwenda kwa tiketi walizozipata Cairo, na wote wawili wakaingia hatua ya mwisho ya timu sita. Argentina ikatwaa ubingwa mbele ya Marekani. Misri ikamaliza ya tano. Ufaransa ikamaliza ya sita, nyuma yake.

Basi ukiniuliza, Misri ya 1949 haikuwa timu bora kuliko Wasovieti. Ilikuwa timu nzuri iliyokuwepo siku wakubwa walipokataa kuja, na aliyekataa kuingia uwanjani hana haki ya kudai kombe.

Ilitetea taji lake?

Haikwenda hata Paris 1951, ambako Wasovieti walirudi na kushinda fainali kwa pointi moja, 45–44, dhidi ya Chekoslovakia. Misri ilionekana tena Moscow 1953, ikamaliza ya nane. Hiyo ndiyo ilikuwa EuroBasket yake ya mwisho. Jumla ilicheza mara nne: 1937, 1947, 1949 na 1953. Mara nne, taji moja, shaba moja. Kuna nchi za Ulaya zilizocheza mara kumi na zaidi bila kugusa medali.

## Maswali ya pembeni

Haya ndiyo yaliyozaa AfroBasket, yaani ubingwa wa Afrika?

Hapana, ingawa yanachanganywa sana kwa sababu AfroBasket ya kwanza, ya 1962, nayo ilichezwa Cairo na nayo ilichukuliwa na Misri. Ni mashindano mawili tofauti, yamepishana miaka 13. Misri imetwaa AfroBasket mara tano: 1962, 1964, 1970, 1975 na 1983.

Kwa wasomaji wa huku kwetu: Nairobi iliandaa AfroBasket mwaka 1993, na Kigali mwaka 2021. Cairo 1949 haihusiani nazo moja kwa moja, ila ndiyo mara ya kwanza mji wa Afrika kuandaa ubingwa wa bara kwenye kikapu. Bara lenyewe tu ndilo halikuwa letu.

Mbona kwenye orodha nyingine bingwa wa 1962 anaitwa "Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu"?

Ni Misri hiyo hiyo. Iliungana na Syria mwaka 1958 chini ya jina hilo. Syria ikajitoa 1961, Misri ikaendelea kulitumia hadi 1971. Mwaka 1949 nchi ilikuwa ufalme na iliitwa Misri tu, kwa hiyo ukikuta jina la Jamhuri ya Muungano kwenye jedwali la 1949, aliyeliandika amekosea.

Kwenye picha naona bendera yenye mwezi na nyota tatu. Si Pakistan?

Pakistan ina nyota moja. Mwezi mwandamo mweupe na nyota tatu juu ya rangi ya kijani ilikuwa bendera ya Ufalme wa Misri, na picha zikiwa nyeusi na nyeupe, kijani kinaonekana kijivu kizito tu. Usiichanganye na ya Syria ya wakati huo, yenye mistari mitatu na nyota tatu nyekundu katikati bila mwezi.

Israel ilicheza?

Hapana. Ilianza EuroBasket mwaka 1953 Moscow. Mazingira ya 1949 yako kwenye jibu kuhusu Syria na Lebanon hapo juu.

Na wanawake?

Hawakuwa na mashindano Cairo. Ubingwa wa Ulaya wa wanawake ulianza Roma mwaka 1938, ukasimama kwa vita, ukarudi Budapest 1950.

Leo timu ya Afrika inaweza kuingia EuroBasket?

Haiwezi. Kila nchi inacheza kwenye kanda yake ya FIBA, na ya Misri ni Afrika. Syria na Lebanon wako Asia. Kati ya timu saba za Cairo, nne tu ndizo zenye ruhusa ya kuyacheza mashindano hayo leo, na bingwa si mmoja wao.